KILOSA HADI MIKUMI: MJI UNAOSOMWA KWA MIGUU

Wako watu wengi waliopita Kilosa, walakini wachache waliiona. Aliye ndani ya gari la moshi huona stesheni, halafu milima, halafu usingizi humchukua. Aliye ndani ya basi huona vumbi na mapaa ya mabati. Lakini atakayeshuka, akafunga viatu vyake vizuri na kutembea asubuhi moja tu, atakuta kwamba mji huu mdogo umeandikwa habari za miaka zaidi ya mia na hamsini. Kazi yake ni kuzisoma.

Huko Ujerumani kuna mji uitwao Lübeck. Mji wake wa kale umezungukwa na maji pande zote, na mwaka 1987 ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huenda huko na karatasi mkononi: anza hapa, pinda pale, tazama mlango huu, ingia kanisa lile. Usiku wa Jumapili ya Matawi, mwaka 1942, ndege za vita ziliuchoma sehemu kubwa. Kengele za kanisa la Mtakatifu Maria zilianguka sakafuni zikavunjika. Wenyeji waliujenga mji upya, walakini kengele wakaziacha palepale zilipoanguka, na hata leo zipo, ili mtoto aliyezaliwa baada ya vita aulize, naye ajibiwe.

Je, sisi hatuna cha kuonyesha? Tunacho. Tulichokosa ni ile karatasi tu. Basi tuiandike leo, kwa ajili ya Kilosa, nawe ichukue mfukoni siku utakapokwenda.

KABLA YA KUTOKA

Chagua miezi ya kiangazi, tokea Juni hata Oktoba, maana wakati wa masika njia za Kilosa ni matope na mto si wa kuchezea. Mji uko bondeni, mita zipatazo 500 tu juu ya bahari, kwa hiyo jua la mchana ni kali. Anza saa moja asubuhi. Chukua maji, kofia, na daftari la shule pamoja na kalamu. Daftari usilisahau, utaona baadaye kwa nini.

Ukiweza, nenda na watoto. Mtoto wa darasa la nne na kuendelea aweza kutembea njia hii yote bila kuchoka, ikiwa mtapumzika mara mbili.

Na jambo la adabu: Kilosa ni makao ya watu, si jumba la makumbusho. Ukitaka kutazama nyumba ya mtu kwa karibu, bisha hodi kwanza. Ukimkuta mzee barazani, mpe shikamoo yake, ukae chini, umwulize habari za nyumbani. Baada ya hapo ndipo useme, “Mzee, naomba unisimulie mji huu ulivyokuwa.” Anayeanza na swali kabla ya salamu hupata jibu fupi.

KITUO CHA KWANZA: STESHENI

Twaanzia stesheni ya reli ya zamani, kwa sababu mji wa leo ulijipanga kuifuata reli. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzo wa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuu ya kwanza. Kutoka Dar es Salaam hata Kilosa ni mwendo wa karibu kilometa 280.

Simama pembeni, utazame njia yenyewe. Upana wake kati ya chuma na chuma ni mita moja. Zamani za Mdachi mataruma yaliyowekwa chini yake yalikuwa ya chuma, wala si ya mti, kwa sababu ya mchwa. Mchwa wetu ndiye aliyewashinda mafundi wa Ulaya, ikawabidi walete chuma kwa meli. Waambie watoto jambo hilo, watacheka, na hawatalisahau.

Waambie pia jambo lisilo la kucheka. Tuta la reli lilichimbwa kwa jembe na sururu, udongo ukabebwa kichwani na mabegani na maelfu ya wafanya kazi Waafrika. Majina ya wahandisi yamo vitabuni. Majina ya waliobeba udongo hayamo. Pengine babu wa babu yako alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ili adui asiitumie reli. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer liliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, na siku nne baadaye Morogoro nayo ikatwaliwa. Hapo ndipo zamani za Mdachi zilipokwisha Kilosa, zikaanza zamani za Mwingereza.

Usitembee juu ya reli wala juu ya daraja lake. Ni hatari, tena ni kosa mbele ya sheria. Pita njia ya watu.

KITUO CHA PILI: MTAA WA MADUKA

Toka stesheni, uingie mitaa ya maduka ya zamani. Hapa enda polepole sana, uinue macho. Watu wengi hutazama bidhaa zilizo chini na hawaoni nyumba iliyo juu yake.

Nyumba za maduka ya Wahindi katika miji yetu ya reli zinafanana, ukijifunza moja umejifunza zote. Mbele kuna baraza yenye nguzo, ili mnunuzi asinyeshewe wala asichomwe na jua. Baada ya baraza kuna mlango mpana wa mbao wa kufungia duka. Nyuma ya duka ndimo familia ilimolala, na nyuma zaidi kuna ua na jiko. Tazama juu ya paa mbele: mara nyingine fundi aliandika mwaka wa kujenga katika saruji, au jina la mwenye nyumba. Ukiona mwaka, uandike daftarini.

Maduka hayo yaliletwa na pamba na katani. Wakulima walileta pamba, wakanunua chumvi, mafuta ya taa, kaniki na vyombo. Wahindi, Waarabu na Wagiriki walikuwa na biashara na mashamba pande hizi. Basi kwa nini nyumba nyingine zimechakaa hivi? Iko sababu. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilileta mashamba makubwa mengi ya katani mikononi mwa serikali. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa. Wafanya biashara wengi wenye asili ya India waliihama nchi. Wakati huohuo bei ya katani duniani ilikuwa imeporomoka, kwa sababu kamba za nailoni zilikuwa zimeingia sokoni. Mji uliolishwa na katani ulikosa chakula chake.

Kwa hiyo ukiona ukuta uliopasuka, usiseme tu, “Watu wa hapa hawajali.” Ukuta huo ni ukurasa. Usome kwanza, halafu ndipo useme.

KITUO CHA TATU: BOMA

Uliza njia ya kwenda bomani. Kila mtu atakuonyesha, maana neno boma katika Kiswahili chetu limekuwa ndilo jina la mahali serikali inapokaa, na neno hilo tulilirithi tangu zamani hizo. Wajerumani waliweka kituo chao Kilosa kabla reli haijafika, kwa kuwa hapa palikuwa mdomo wa bonde.

Jifunze kutambua jengo la zamani za Mdachi. Kuta zake ni nene, pengine kuliko urefu wa mkono tokea kiwiko hata vidole. Madirisha yamekaa ndani ya ukuta, na mara nyingi juu yake pana duara kama upinde. Dari iko juu ili joto lipande. Nyumba za zamani za Mwingereza ni nyepesi zaidi, zina baraza pana na mapaa ya mabati au vigae yaliyolala. Ukizijua alama hizo, unaweza kusoma Kilosa, Morogoro, Tabora hata Bagamoyo bila kuambiwa na mtu.

Lakini boma halikuwa kuta tu. Humo kodi ililipwa, humo watu walifungwa, humo viboko vilipigwa. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipozuka kusini, moto wake ulifika hata wilaya hii, na Wavidunda wa milimani walikuwa miongoni mwa walioinuka. Baada ya vita ikaja njaa. Basi ukisimama mbele ya jengo la namna hiyo, usilisifu uzuri tu, wala usilichukie bure. Liulize: nani alikujenga, na nani alilia ndani yako?

KARATASI YA MSOWERO

Hapa tutoke mjini kwa dakika chache katika mawazo, maana kuna jina moja kila mtoto wa shule analijua, walakini wengi hawajui kwamba ni jina la jirani. Ni Chifu Mangungo. Msowero, alikotawala, imo katika wilaya hiihii ya Kilosa, njiani ukitoka Dumila. Ukija kwa barabara hiyo utapita karibu nayo kabla hujafika Kilosa.

Mwezi wa Novemba mwaka 1884, Mjerumani Carl Peters alikuja kutoka Saadani na wenzake wachache. Alitembea Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwapa wakuu wa nchi zawadi, na akiwawekea mbele karatasi za mkataba watie alama. Karatasi ziliandikwa kwa lugha ambayo wenye nchi hawakuisoma. Wao walidhani wanafanya urafiki na mgeni. Karatasi ilisema wanatoa nchi. Mangungo alitia alama. Mbele kidogo, katika bonde la Mkondoa, alitia alama pia mkuu ambaye Wajerumani walimwandika kwa jina la Muinin Sagara. Jina hilo lingalipo: stesheni inayofuata Kilosa ukipanda bonde yaitwa Munisagara. Mwezi wa Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake.

Tazama, msomaji, jinsi neno lililoandikwa lilivyo na nguvu. Watu wa Usagara walikuwa na nchi, walikuwa na wazee, walikuwa na masimulizi. Mgeni alikuwa na karatasi. Karatasi ndiyo iliyosikilizwa Berlin. Tena siyo hiyo peke yake. Wazungu waliopita bonde hili kabla yake, Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, waliandika vitabu, na mpaka leo anayetaka kujua Kilosa ya wakati ule hupewa vitabu hivyo. Waliopita wiki moja wameandika kurasa nyingi. Waliozaliwa na kuzikwa hapa hawajaandika hata moja.

Ndiyo maana tulikuambia usisahau daftari.

KITUO CHA NNE: NJIA YA WAPAGAZI

Rudi sasa mjini, ushike njia ya kuelekea mto Mkondoa. Kabla ya reli, njia kubwa ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita pande hizi. Sababu yake waiona kwa macho: mbele yako milima imesimama kama ukuta, na mto ndio uliofungua mlango. Mwenye kutaka kwenda bara alifuata mlango huo. Reli ya Mdachi nayo ilifuata mlango huohuo.

Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya nguo, shanga na waya kwenda bara, wakarudi na pembe za ndovu. Pamoja nao walipita watu waliofungwa minyororo, waliokuwa wakipelekwa pwani kuuzwa. Njia ni moja. Mmoja aliipita kwa mshahara, mwingine kwa machozi. Baadaye wakaja wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua Mhonda mwaka 1877 na Morogoro mwaka 1882, na baadaye wakaweka misheni Ilonga, karibu kabisa na Kilosa. Nao pia walikuja kwa miguu.

Kabla ya kufika hapa, msafara ulipaswa kuvuka mbuga ya Mkata. Wakati wa masika mbuga hiyo hugeuka ziwa la matope. Stanley aliivuka katika mvua za mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone, na ilimwangusha punda, watu na afya yake mwenyewe. Tutaiona Mkata tena tukienda Mikumi.

KITUO CHA TANO: TUTA LA MTO

Hapa ndipo mahali pa kukaa kitako. Mto Mkondoa hushuka kutoka milima ya magharibi, hupita Kilosa, halafu huitwa Wami, na mwisho humwaga maji yake katika bahari ya Hindi karibu na Saadani. Maji unayoyaona yanakwenda pwani ileile misafara ilikotokea.

Kando ya mto kuna tuta la kuzuia maji lililojengwa zamani za ukoloni. Wapitao hulidhani ni kilima kidogo tu. Lakini mji wa Kilosa unalala chini ya ulinzi wa tuta hilo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010, baada ya mvua kubwa, mto ulilivunja. Maji yaliingia majumbani. Maelfu ya watu walibaki bila makao, wakaishi katika mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe iliharibiwa vibaya, na kwa miezi kadhaa gari la moshi halikuweza kutoka Dar es Salaam kupita bara. Mafuriko yamerudi tena wilayani miaka iliyofuata. Januari 2014 maji yalilikata daraja la Magole, karibu na Dumila.

Wataalamu walipochungua walitaja sababu ambazo mkulima yeyote anazijua. Miti ya milimani ilikatwa. Mashamba yalilimwa hata ukingoni mwa mto. Mifugo ilikanyaga kingo. Udongo ukashuka, ukajaza mchanga katika njia ya maji, mto ukapanda juu ya kitanda chake. Na tuta lenyewe lilichakaa, likatobolewa na njia za watu na za ng’ombe.

Watoto wakikuuliza, “Tuta hili ni la nini?” uwajibu vizuri. Maana hatari ya kwanza siyo maji, ni kusahau. Waliojenga tuta walijua kwa nini wamelijenga. Watoto wao walijua kidogo. Wajukuu wakaona ni kilima, wakapanda mahindi. Mto haukusahau njia yake. Watu ndio waliosahau. Huko Lübeck waliziacha kengele sakafuni ili wakumbuke. Kilosa yafaa kila nyumba iliyoingiwa na maji iwekewe alama ukutani: maji yalifika hapa, mwaka huu. Mkaa au rangi kidogo yatosha, na mjukuu atakayejenga kesho ataona mahali pa kuweka msingi wake.

Kuna mzee katika kila mtaa anayejua maji yalipita wapi, mara ngapi, na mahali gani palibaki pakavu. Andika asemayo. Maneno ya mzee huyo yana thamani kuliko picha yoyote utakayopiga.

KAMA UNA NGUVU BADO: ILONGA NA KIMAMBA

Mchana pumzika, ule. Jioni, au siku ya pili, unaweza kwenda Ilonga, mwendo mfupi kutoka mjini. Pale kuna kituo cha utafiti wa kilimo, kilichoanza mwaka 1943 kwa ajili ya pamba. Mkulima msomaji wetu, huenda ukakijua kituo hicho bila kujua, maana mbegu za mahindi ziitwazo Staha na TMV-1 zilitoka katika kazi yake. Hapo pia kuna chuo cha ualimu.

Kimamba, stesheni iliyo upande wa Morogoro, ni nchi ya mkonge. Mmea huu si wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliuleta kutoka Marekani kwa siri kidogo, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa katani. Waliolima na kukata majani yake walikuja kutoka mikoa ya mbali kwa mkataba, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo sababu Kilosa leo, pamoja na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wenye nchi, utasikia lugha za makabila mengi sokoni. Ukimkuta mjukuu wa manamba, mwulize jina la babu yake, si namba yake, ukaliandike.

KUELEKEA MIKUMI

Kutoka Kilosa mpaka Mikumi ni karibu kilometa 80 kwa barabara. Njia hii si ya miguu, panda gari. Pembeni kuna reli ndogo iliyotoka Kilosa ikafika Mikumi mwaka 1960, ikaendelea hata Kidatu mwaka 1965 kwa ajili ya sukari ya Kilombero. Urefu wake wote ni kilometa 108. Huko Kidatu hukutana na reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Lakini njia za chuma za reli hizi mbili hazina upana mmoja, basi mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hili kwenda lile.

Njiani utafika kijiji kiitwacho Ulaya. Ndiyo, Ulaya, wala hukuhitaji pasi wala ndege. Wapo vijana wanaouza shamba la baba yao ili wakaione Ulaya. Waambie ipo Kilosa, na nauli yake si kubwa. Huko nako kuna watu wanaolima, wanaosali, wanaozika wapendwa wao, kama Ulaya ile nyingine.

Mikumi imepewa jina na mti. Mkumi ni mti wa jamii ya mvumo, wenye shina refu lililovimba katikati na majani kama kipepeo cha kupepea moto. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na baada ya kuongezwa mwaka 1975 eneo lake ni kilometa za mraba 3,230. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hupasua hifadhi hiyo kwa karibu kilometa 50. Kwa hiyo hata maskini aliye ndani ya basi huona twiga, pundamilia, nyati na tembo. Waweke watoto dirishani, wahesabu.

Ile mbuga pana unayoiona ni Mkata, ileile iliyowatesa wapagazi na Stanley. Waliivuka kwa siku, wakizama magotini. Wewe waivuka kwa nusu saa. Kumbuka hilo, ushukuru.

Lakini ndani ya hifadhi usishuke garini kutembea, hata kwa haja ndogo. Ukitaka kuingia ndani, pita langoni, lipa ada, ufuate masharti ya askari wa wanyama. Usitupe ganda la ndizi wala chupa dirishani, maana chakula huvuta wanyama barabarani, nao hugongwa na magari usiku. Na ukiona dereva anakimbia mno kati ya Mikumi na lango la upande wa Morogoro, mwambie kwa heshima apunguze. Mwenye kunyamaza naye ana sehemu yake katika ajali.

RELI MPYA NA DAFTARI LAKO

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeanza kwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, nayo ina stesheni Kilosa. Katika milima ya wilaya hii yamechimbwa mahandaki manne, kwa jumla zaidi ya kilometa mbili ndani ya mwamba. Ni kazi kubwa, na ni sifa kwa nchi. Lakini kila njia mpya imekuja Kilosa na swali lilelile. Wapagazi walipita. Reli ya Mdachi ilipita. Abiria wa leo atapita kwa kasi kuliko wote. Je, atakayebaki ana nini cha kumwonyesha na kumweleza?

Basi fanya hivi. Ukirudi nyumbani, hata kama kwenu si Kilosa, fungua daftari. Andika mwaka uliouona juu ya duka. Andika jina la babu wa yule manamba. Andika maji yalifika wapi. Kisha geuza ukurasa, uandike ya kijiji chako mwenyewe: nani alichimba kisima, nani alipanda mwembe ulio mbele ya shule, njia ya zamani ilipita wapi, nyumba ya kwanza ya matofali ilijengwa mwaka gani. Baba aseme, mama aseme, bibi asahihishe, mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike. Mwalimu akubali kuliweka daftari hilo katika kabati la shule, mahali pasipofika mchwa.

Mangungo aliandikiwa na mgeni. Mtoto wako anajua kusoma na kuandika. Hana sababu ya kuandikiwa.

Safari njema, na mkifika Kilosa, wasalimuni wazee.